Gego la miaka 12: kwa nini meno ya madogo wa shule yanaoza kipindi kilekile tunapoacha kuyaangalia

Jino likianza kutoboka tunasema limeingia mdudu, na wengi tumekua na hiyo picha kichwani kabisa, kwamba kuna kidudu kimejichimbia humo ndani kinatafuna taratibu, na yale maumivu ya usiku ni pale kinapojigeuza. Sio sisi peke yetu. Imani hiyo ni ya kale mno, ipo kwenye maandishi ya Babeli, na dunia iliishi nayo maelfu ya miaka mpaka mganga wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alipoandika mwaka 1728 kwamba yeye huyo mdudu hajamwona, akaanza kuinyooshea kidole sukari. Mwaka 1890 Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Willoughby Miller, akaeleza kinachotokea kweli: bakteria wa mdomoni wanakula sukari na wanga tunaobakiza, wanatoa asidi, na asidi ndo inayoyeyusha jino.

Naanzia huko kwa sababu picha ya mdudu ina madhara hadi leo. Mdudu ama ameingia ama hajaingia, hapo katikati hamna kitu, kwa hiyo mtu anasubiri mpaka aone tundu au mtoto alie. Wakati kuoza kwenyewe katikati yake ni ndefu sana, miezi, mara nyingi miaka, na sehemu kubwa ya hiyo miaka jino bado linaweza kurudi lilikotoka bila kuchimbwa wala kuzibwa. Tunachokosa ni kuliangalia wakati huo. Na kama kuna umri ambao hatuangalii kabisa ni huu wa madogo wa miaka 11 mpaka 16.

Twende taratibu. Asubuhi kabla hujapiga mswaki pitisha ulimi kwenye meno, utasikia kama yamevaa kitu, kuna ute fulani unateleza. Huo ndo ukoga. Watu wanadhani ukoga ni mabaki ya chakula, hapana, mabaki ukisukutua yanatoka, ukoga hautoki kwa maji hata ujaze mdomo mara kumi, kwa sababu ni bakteria hai wameshikana wakajengeana kitu kama gundi juu ya jino. Maarufu kuliko wote anaitwa Streptococcus mutans, alitambuliwa mwaka 1924, na sifa zake mbaya ni mbili: akipata sukari ya kawaida anatengeneza hiyo gundi, halafu yeye mwenyewe anavumilia asidi ambayo wenzake wengi inawashinda. Kwa hiyo kadiri mdomo unavyokaa kwenye asidi ndivyo anavyozidi kutawala. Ila hayuko peke yake, wapo wengi wa kundi hilo.

Upande wa pili kuna jino. Ganda la nje, enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kinashinda hata mfupa, na zaidi ya 95% ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Tatizo lake ni moja, halina chembe hai. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inafunga, lakini enameli ikishabomoka imebomoka, mwili hauna fundi wa kuijenga upya. Mdomo ukiwa umetulia, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, iko karibu na 7. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kuchomoka kwenye enameli. Asidi ikipungua, mate yanayarudisha, maana mate sio maji tu, yamebeba kalsiamu na fosfeti na vitu vya kuzimua asidi, na mtu mmoja anatengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yaani kila siku ya Mungu jino lako linapoteza madini na linarudishiwa. Tundu linatokea pale ambapo kwa miezi na miezi yanayotoka yanazidi yanayorudi.

Hapa ndo watu wengi wanakosea hesabu. Tunauliza mtoto kala sukari KIASI gani, na swali linaloamua zaidi ni MARA ngapi na kwa MUDA gani. Miaka ya 1940 mtafiti Robert Stephan alipima asidi kwenye ukoga wa watu baada ya kusukutua kwa maji ya sukari, akaona pH inaporomoka ndani ya dakika chache tu, halafu inachukua nusu saa mpaka saa nzima kurudi pale ilipokuwa. Sasa chukua mwanafunzi na chupa ya soda ya nusu lita. Akiinywa yote pamoja na chakula ndani ya dakika kumi, meno yake yako kwenye asidi kama saa moja hivi basi, mate yanaanza kazi yao. Mwenzake ananunua chupa ileile saa nne asubuhi, anaifunga anaiweka kwenye begi, anapiga funda moja, baada ya robo saa funda jingine, kipindi cha hesabu, kipindi cha jiografia, mpaka saa nane mchana ndo chupa inaisha. Sukari ni ileile gramu 50 hivi. Ila huyu wa pili meno yake yamekaa kwenye asidi karibu saa tano mfululizo, kila yakitaka kupumua anayamwagia tena. Na ukimuuliza atakwambia amekunywa soda moja tu, na ni kweli kabisa, hajadanganya.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili una historia chungu. Kuanzia mwaka 1945 huko Uswidi, kwenye hospitali ya Vipeholm, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa sukari kwa namna tofauti ili waone meno yataoza vipi, wengine wakalishwa tofi za kunata kati ya milo, na hakuna aliyewaomba ridhaa wala hawakuwa na uwezo wa kukataa. Lilikuwa ni kosa kubwa na linafundishwa leo kama mfano wa utafiti usiopaswa kufanyika. Lakini walichokiona hakijapingwa: waliopewa sukari pamoja na chakula, hata sukari nyingi, meno yao yaliharibika kidogo, waliopewa vitu vya kunata katikati ya milo yaliharibika vibaya mno, na tofi zilipoondolewa kasi ya kuoza ikashuka. Wale watu walilipa kwa meno yao ili sisi tujue hili, kwa hiyo walau tulitumie.

Sasa kwa nini nawang'ang'ania hawa wa miaka 12?

Kwa sababu ya gego la pili. Gego la kwanza la ukubwani linaota kwenye miaka 6, na hata hilo wazazi wengi wanadhani ni la utotoni litang'oka, maana halikuchukua nafasi ya jino lililotoka, limejiotea tu huko nyuma. La pili linaota kati ya miaka 11 na 13, nyuma kabisa ya hilo la kwanza, na hakuna anayelishangilia wala kulitangaza. Jino la kwanza la mtoto mchanga familia nzima inaitana, hili linaota kimyakimya dogo mwenyewe akihisi fizi inawasha kidogo basi. Na linaota polepole, linachukua miezi mingi kufika kimo cha wenzake, kipindi chote hicho liko chini ya usawa, nusu limefunikwa na fizi, mswaki unapita juu kama gari kwenye daraja bila kugusa mtoni.

Uso wa gego nao una vilima na mifereji, na baadhi ya mifereji hiyo ni miembamba kuliko unyuzi mmoja wa mswaki. Hebu lipate hilo vizuri: unaweza ukapiga mswaki kwa uaminifu, dakika mbili zako zote, na bado chini ya mfereji hakujaguswa. Halafu kubwa kuliko yote, enameli ya jino jipya haijakomaa. Linapotoka linaendelea kunyonya madini kwenye mate kwa miaka kama miwili mitatu ndo linakuwa gumu sawasawa, kwa hiyo kipindi hicho asidi inalipata kirahisi kuliko itakavyolipata akiwa na miaka 25. Jino changa, limejificha, limejaa mifereji, na limetokea mwaka uleule ambao mama ameacha kusimama mlangoni kusema "umepiga mswaki wewe?", mwaka uleule dogo ameanza kushika hela yake mwenyewe na kuchagua cha kununua. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linatumia umri wa miaka 12 kulinganisha hali ya meno ya nchi na nchi, umri huo karibu meno yote ya ukubwani yameshatoka isipokuwa yale magego ya mwisho, na watoto bado wanapatikana shuleni.

Kuna na mambo ya balehe. Homoni zikipanda fizi zinakuwa na hasira, ukoga mdogo tu uliokuwa hausumbui sasa unazifanya zivimbe na kutoa damu. Dogo anapiga mswaki, anatema, anaona wekundu kwenye sinki, anaogopa, kesho anapiga juujuu au anaruka kabisa ile sehemu inayotoa damu. Ukoga unaongezeka, damu inaongezeka. Mtu angemwambia tu kwamba damu ile inataka asafishe pale zaidi kwa upole, nyuzi laini, kwenye mpaka wa jino na fizi, na ikiendelea zaidi ya wiki mbili hivi aende akaonwe. Wenye waya za kunyoosha meno wao kazi ni mara mbili, kila kibati ni kona mpya ya ukoga, na waya zikitolewa baada ya miaka unakuta meno yamenyooka vizuri ila kila moja lina alama nyeupe pembeni ya pale kibati kilipokaa.

Hiyo alama nyeupe ndo nataka uikariri. Kuoza kunaanzia pale, sio kwenye weusi. Enameli ikipoteza madini inapoteza mng'ao, inakuwa nyeupe ya chokaa, na unaiona vizuri jino likiwa limekaushwa, likilowa mate inajificha. Kwenye hatua hii juu bado kuna ganda zima, hakuna tundu, hakuna maumivu, na INARUDI, ukipunguza asidi na kuleta floraidi, ile inayowekwa kwenye dawa ya meno, madini yanajaa tena, au walau panakuwa pagumu na kuoza kunasimama. Ikiachwa, ganda linaporomoka na tundu limeanza. Kwenye magego ni ujanja zaidi, mlango juu unakuwa mdogo kama ncha ya kalamu lakini asidi ikishavuka enameli ikafika dentini, tabaka la chini yake ambalo ni laini zaidi, inatawanyika kwa chini, kwa hiyo unaona kidoti cheusi na daktari akifungua anakuta pango. Dentini ina vijitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye kiini, hapo ndo baridi na utamu vinaanza kuuma. Kikifikiwa kiini chenye mshipa wa fahamu, ndo zile kelele za usiku wa manane.

Halafu siku moja maumivu yanaisha yenyewe. Nyumba nzima inashukuru. Jamani, mara nyingi hapo mshipa umekufa, na uozo unaendelea kimya kuelekea kwenye mzizi mpaka jipu. Jino bovu lililoacha kuuma bila kutibiwa linatakiwa likutie wasiwasi zaidi ya linalouma.

Na kinachoumia sio jino tu. Mtoto aliyekesha na jino hasikii kinachofundishwa, siku nyingine haendi kabisa shule. Mwenye jino la mbele lenye weusi anajifunza kucheka na kiganja mdomoni, anajua jibu lakini hanyooshi mkono. Umri huu sura ni kila kitu, na mimi naamini kumwita mtoto huyo mchafu mbele za watu ni kumfundisha afiche mdomo, hata kwako wewe unayetaka kumsaidia. Wengine wanapiga mswaki vizuri tu, wamezidiwa na mara ngapi kwa siku wanaonja kitu kitamu. Na shule nazo, utafundishaje usafi wa meno kipindi cha tatu halafu kantini yako kipindi cha nne inauza pipi na soda peke yake?

Kinachosaidia, nianze na floraidi maana ndo yenye uzito. Floraidi ikiwepo kwenye mate wakati madini yanarudi, inaingia kwenye jengo la enameli, na fuwele inayojengwa hivyo inavumilia asidi zaidi, haianzi kuyeyuka mpaka pH ifike kama 4.5. Kwa hiyo dawa ya meno iwe na floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni), imeandikwa kwenye boksi, geuza usome. Kuna wanaoiogopa kwa sababu floraidi nyingi inaweka madoa ya kahawia kwenye meno, ni kweli, ila madoa hayo yanaingia wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, na kwa mtoto wa miaka 12 meno yote atakayoyaonyesha akicheka yameshajengwa, kwa hiyo dawa ya meno ya kawaida haiwezi kumtia madoa hayo tena. Ni wale wadogo wadogo ndo tuwawekee kidogo tu na kuwasimamia wasimeze.

Mara mbili kwa siku, na kama ni lazima apoteze moja apoteze ya asubuhi, ya usiku isiguswe. Ukilala mate yanapungua sana, yaani yule mlinzi anaondoka zamu, ukilala na ukoga na sukari umemwachia bakteria nyumba. Na akimaliza ATEME asisukutue. Hili watu linawashangaza, tumezoea kusukutua na kikombe kizima cha maji, lakini hapo unaisafirisha floraidi yote kwenye sinki ulipotaka ibaki kwenye jino. Akitoka kunywa kitu kikali cha asidi, soda au juisi ya machungwa, asubiri kama nusu saa kabla ya mswaki, enameli inakuwa imelegea. Na soda zisizo na sukari haziwalishi bakteria ila zenyewe ni asidi, kwa hiyo kushindia hizo nako hamna usalama.

Sukari yenyewe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema isizidi 10% ya nishati ya siku na ikiwezekana ishuke chini ya 5%, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, na hapo wamehesabu pia asali na juisi ya matunda. Ile chupa ya nusu lita peke yake ni mara mbili ya hapo. Ila na kijana sitabishana naye aache kila kitu, hatanisikia. Ningemwambia: kama unakunywa, kunywa na chakula, maliza, weka chini. Katikati maji. Hiyo tu inabadilisha sana hesabu.

Kisha kuna kitu wazazi wengi hawajakisikia kabisa, silanti. Gego likishaota vizuri daktari analisafisha, analipaka asidi maalumu kwa sekunde chache ili kuwe na pa kushikia, anasuuza, anamimina plastiki laini ndani ya ile mifereji, inakauka. Haichimbwi, hakuna sindano ya ganzi, hakuna maumivu. Mbinu ya kushikisha plastiki kwenye enameli ilitoka mwaka 1955 kwa Michael Buonocore, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema silanti zinazuia kama 80% ya matundu ya magego kwa miaka miwili ya mwanzo, ambayo ndo miaka ileile jino ni changa. Muda wa kuiweka ni mfupi lakini: baada ya gego kuota, kabla halijatoboka. Kama haipatikani, uliza ya kupaka floraidi nzito, inapakwa kwa brashi kila baada ya miezi kadhaa.

Na kama tundu limeshakuwepo? Usikimbilie kung'oa. Ukilitoa gego la dogo wa miaka 13, jirani yake analalia pengo, lile la taya nyingine lililokuwa likigusana nalo linasogea kulifuata, na atatafuna upande mmoja miaka 60 inayokuja. Tundu dogo linazibwa. Tena ipo njia ya kutoa uozo kwa vifaa vya mkono tu bila mashine na kuziba kwa dawa inayoshikana na jino na kutoa floraidi, inaitwa ART, na ilianza kufanyiwa kazi Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikaenda dunia nzima, inafaa kabisa hata darasani pasipo umeme. Kiini kikishaguswa ndo tunaongelea kutibu mzizi, hapo gharama na muda vinapanda.

Antibayotiki hazitibu jino linalouma, nasema hili kwa nguvu kwa sababu watu wanameza tu, hazifiki ndani ya kiini kilichokufa na uozo unabaki palepale. Wala msiponde aspirini mkaibandika kwenye fizi, inaunguza nyama. Dawa ya maumivu imezwe kwa kipimo, na safari ya kwa daktari wa meno ibaki palepale hata maumivu yakitulia. Ila uso ukivimba, homa ikipanda, mdomo ukashindwa kufunguka, kumeza au kupumua kukawa shida, hapo hakuna kesho, ni hospitali saa hiyohiyo, uambukizo wa jino ukishuka chini ya taya na shingoni unaua.

Fanya hivi wikiendi hii. Mkalishe dogo dirishani, chukua tochi ya simu, mwambie aachame kwelikweli. Hesabu kuanzia nyuma, tafuta gego la mwisho kila upande, juu na chini, uone kama limeshatoka au bado fizi imelifunika. Futa kwa tishu safi likauke, subiri sekunde chache. Angalia mifereji kama ina kidoti cheusi, halafu vuta shavu pembeni uangalie pale jino linapokutana na fizi, kama kuna mstari mweupe wa chokaa usiong'aa. Ukiuona, mpeleke mwezi huu huu akiwa bado haumwi.